Kwa kinga katika milima ya Idjwi: kilomita ni chache, mteremko ni mrefu

Ukikitazama kisiwa cha Idjwi kwenye karta, utasema ni safari ya siku moja tu. Kutoka ncha ya kusini mpaka ncha ya kaskazini ni kama kilomita 40. Lakini karta ni karatasi iliyolala, na Idjwi hailali. Maji ya Ziwa Kivu yako metri 1460 hivi juu ya bahari, na migongo ya milima ya kisiwa inapita metri 2000. Kati ya maji na migongo hiyo ndipo watu wanaishi, wanalima, wanachuma kahawa na kuibeba.

Ndugu wakulima, wanachama wa makoperative, katika ukurasa huu tunawaletea habari za safari tuliyofanya kisiwani kwa kinga, yaani kwa baiskeli, mwezi wa nne, wakati mvua na mavuno ya kahawa vinakutana. Tulianzia upande wa Monvu, kusini, katika sheferi ya Ntambuka, tukamalizia Bugarula, kaskazini, katika sheferi ya Rubenga. Siku nne. Tulikuwa watatu: sisi wawili wa agronomia, na animatere mmoja wa koperative ya hapo. Vyombo vyetu vilikuwa kamba ya metri 20, kipimo cha A kilichotengenezwa kwa miti, daftari, na saa ya mkononi. Saa hiyo, mtaona mbele, ndiyo iliyotufundisha mingi kuliko vyote.

Juu ya nini kinga?

Watu walituuliza swali hilo kila mahali. Mzee mmoja alitutazama tunasukuma kinga kwenye kilima, jasho linatoka, akacheka: «Agronomu, shirika lenu limekosa pikipiki?»

Pikipiki zipo. Lakini mtu wa pikipiki anaona barabara, haoni shamba. Anapita mahali pa kupanda bila kujua kwamba amepanda, juu mashine ndiyo inachoka. Mtu wa kinga anajua kila metri. Akipanda, miguu inamwambia. Akishuka, freni zinamwambia. Na mahali pagumu anashuka chini, anasukuma, anatembea mwendo uleule wa mama mwenye kitunga mgongoni. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Mama mmoja alitembea nasi karibu saa nzima, akasema: «Beye banakuyaka na pikipiki, banatupigia honi, tunatoka mu njia. Leo tunaongea.»

Tuhesabu kidogo. Mteremko wa asilimia 10 maana yake ni hii: ukienda metri 10 mbele, umepanda metri 1. Kinga na mzigo wake vikiwa na kilo 100, kwenye mteremko huo vinakuvuta nyuma kama kilo 10, bila kuacha, mpaka ufike juu. Kwenye mteremko wa asilimia 30 vinakuvuta karibu kilo 30. Mahali pengi kisiwani tulipima njia za kwenda mashambani zinazozidi hapo. Ndiyo maana kwenye njia hizo hukuti kinga, unakuta migongo ya watu tu, na zaidi migongo ya wamama.

Mteremko huo unachukua vitu vitatu kwa mkulima: udongo wake, wakati wake, na mwishowe bei ya kahawa yake. Tutavieleza kimoja kimoja, juu vinashikana.

Shamba linalohama bila kuaga

Siku ya kwanza mvua ilitupata njiani mchana. Tulijificha chini ya mabati ya kanisa, tukaangalia maji yanavyopita barabarani. Mwanzo yalikuwa meupe. Kiisha dakika chache yakawa mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Mvua ilipokata, tulishuka mpaka kwenye ghuba ndogo, na pale pwani maji ya ziwa yalikuwa na mpaka uliochorwa wazi: huku rangi ya udongo, kule rangi ya buluu. Animatere wetu akaonyesha kidole: «Ile nyekundu ni maharagi ya mwaka ujao.»

Hakukosea. Udongo wa juu ndio wenye mbolea ya majani yaliyooza, ndio unaoshika maji, ndio unaolisha mimea. Ukiondoka, unabaki ule wa chini, mgumu, mwekundu, usio na nguvu. Mkulima anasema «shamba imechoka». Mara nyingi shamba halikuchoka, lilihama.

Hesabu ya kuonyesha katika mkutano ni hii. Milimita 1 tu ya udongo, unene mdogo kuliko punje ya mtama, ikiondoka kwenye hektari 1, ni metri kibe 10. Hizo ni tani 12 hivi za udongo. Wengi wenu hamna hektari 1. Tuseme shamba lako ni ari 10, kipande kidogo kama vingi tulivyoviona Idjwi, kisiwa chenye watu wengi ambamo ardhi imegawanywa baba kwa mtoto mpaka ikawa vitambaa. Milimita 1 kwenye ari 10 ni kilo 1200. Kama ungepaswa kuirudisha juu kwa kinga, kilo 100 kila safari, ungepanda kilima mara 12. Maji yanaishusha kwa mvua moja au mbili kali, na hakuna anayelia, juu haionekani.

Mzee mmoja tuliyemkuta anapalilia mihogo alituambia bila hasira: «Shamba yangu ilikuwa huku juu. Leo iko kwa jirani, kule chini. Ilihama bila kuniaga.» Tulitazama matuta yake. Yalikuwa yamechorwa kutoka juu kwenda chini, kama mifereji, na kila tuta lilikuwa njia ya maji. Tulimuuliza juu ya nini analima hivyo. Alijibu kwamba ukisimama kwenye kilima kikali, kuvuta jembe kutoka chini kwenda juu ndiko kunapumzisha mgongo. Tulijaribu jembe lake nusu saa. Alikuwa na haki: mgongo unapumzika. Kwa hiyo hatuwezi tu kumwambia mkulima «lima kwa kukata mteremko» kiisha tuende zetu. Ni lazima kumwonyesha faida inayolipa maumivu hayo.

Faida hiyo tuliikuta kwa jirani yake, mama mmoja aliyepanda mistari ya setariya na kaliandra ikikata mteremko. Alianza miaka sita iliyopita. Nyuma ya kila mstari udongo umekusanyika mpaka magotini, na shamba limeanza kuwa ngazi. Yeye halimi tena kwenye mteremko, analima kwenye ngazi. Majani ya setariya anakatia mbuzi wake, samadi ya mbuzi inarudi kwenye migomba. Alipoulizwa nani alimfundisha, alijibu kwamba ni babu yake. Wakati wa Wabelgiji wazee walichimbishwa mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa lazima, na walipopata uhuru 1960 wengi waliiacha, juu ilikuwa na harufu ya fimbo. «Babu alichukia fimbo,» mama akasema, «lakini mtaro aliuacha pale pale.»

Namna ya kuweka mistari bila mashine

Tunaandika hapa namna tuliyofanya na wanachama, ili kila koperative iweze kuirudia.

Kipimo cha A. Chukua miti miwili iliyonyooka ya metri 2, ifunge juu kama herufi A, kiisha funga mti wa tatu katikati kwa kulala. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu. Simamisha kipimo chini, weka alama mahali kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza miguu, mguu wa kushoto ukae mahali pa ule wa kuume, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Sasa tembeza kipimo shambani: kamba ikikaa katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Weka kijiti, geuza, endelea. Vijiti hivyo ndivyo mstari wako.

Umbali kati ya mstari na mstari. Hapa hauhitaji hata kipimo, unahitaji macho. Simama kwenye mstari wa chini, angalia mbele moja kwa moja kuelekea mlimani, bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Mahali jicho lako linapogonga ardhi, hapo weka mstari wa pili. Mtu wa kadiri ana macho kwenye metri 1,5 au 1,6. Kwenye mteremko wa asilimia 20 mistari itaachana metri 8 hivi. Kwenye mteremko wa asilimia 40, metri 4. Mlima ukiwa mkali, jicho linagonga karibu, na mistari inakaribiana yenyewe. Mlima unajipimia.

Mimea. Setariya, tripsakumu na mabingobingo hushika udongo haraka na kulisha wanyama. Kaliandra hutoa kuni na majani ya mbuzi. Panda mistari miwili iliyokaribiana, mmea karibu na mmea, mwanzo wa mvua. Kata kila mara, usiache ifunike maharagi.

Jambo moja zaidi, na hili si la mtu mmoja. Tulipokuwa tunashuka kwa kinga tuliona kwamba mahali pengi maji hayaanzii shambani. Yanaanzia barabarani. Mfereji wa barabara unakusanya maji ya kilima kizima, kiisha unayamwaga kwenye shamba la mtu mmoja, na shamba hilo linapasuka korongo. Mistari yako hata iwe mizuri namna gani haitashinda maji ya barabara. Hiyo ni kazi ya salongo: kijiji kizima, pamoja na shefu, kuamua maji ya barabara yatoke mahali pangapi, na kila tokeo liwe na mawe na majani.

Kahawa inahesabu saa, haihesabu kilomita

Siku ya pili tulilala kijiji kimoja cha juu. Hatutakitaja jina, na stesheni ya kuoshea kahawa tunayoizungumzia hatutaitaja pia, juu jambo lenyewe linatokea mahali pengi.

Wanachama wengi wanajua sheria hii, lakini turudie. Kahawa iliyoiva, serizi, ina sukari ndani ya ganda lake. Ikichumwa na kufungwa ndani ya mfuko, inaanza kupata joto na kuchacha. Ndiyo maana tunafundisha kwamba kati ya kuchuma na kupita kwenye mashine ya kumenya zisipite saa 8 hivi, na kwa vyovyote iwe siku ileile. Ikizidi, kahawa inachukua ladha ya siki, na ladha hiyo haitoki tena, hata uioshe mara ngapi, hata uikaushe vizuri namna gani. Mnunuzi wa mbali ataiona kwenye kikombe cha kwanza.

Kutoka kijiji hicho mpaka stesheni, karta inasema kilomita 5. Animatere alikuwa ameandika kwenye daftari la koperative: «karibu». Asubuhi tulifuatana na wamama wanne wenye kahawa mgongoni. Tuliangalia saa. Kushuka bonde la kwanza, kupanda mgongo wa pili, kupumzika, kushuka tena kwenye njia yenye utelezi: saa 2 na dakika 20. Sisi wenye kinga tupu tulifika pamoja nao, maana nusu ya njia tulizibeba kinga zenyewe.

Sasa hesabu. Mama anaamka, anapikia watoto, anaanza kuchuma saa 1 asubuhi. Serizi ya kwanza aliyochuma inapaswa kufika kwenye mashine saa 9 alasiri. Njia inakula zaidi ya saa 2. Kuchagua mbivu na mbichi, na kuelea majini, kunakula nusu saa. Maana yake aache kuchuma kabla ya saa 6 na nusu mchana, akubali kuacha zilizobaki mtini. Lakini akiwa na mtoto mgonjwa, ama mvua ikinyesha mchana, anaondoka saa 9, anafika saa 11 na nusu, na mlango wa mapokezi umefungwa saa 11. Analala na mfuko. Kesho yake kahawa inanuka, na mpokezi anaikataa.

Mpokezi hana kosa. Akipokea kahawa hiyo ataharibu ya wengine ndani ya tanki moja. Mama naye hana kosa. Kosa liko kwenye neno lile kwenye daftari: «karibu».

«Mutumbwi haiko na pua»

Mama mmoja kati ya wale wanne ni mjane, mwanachama tangu mwanzo. Wiki mbili kabla ya safari yetu kahawa yake ilikataliwa namna hiyo. Tulimuuliza aliifanya nini. Alinyamaza kidogo, kiisha akajibu wazi mbele ya animatere:

«Niliuzisha ku mutumbwi. Stesheni inaniambia: mama, kahawa yako inanuka. Mutumbwi haiko na pua.»

Ndugu wasomaji, wale wanaoishi kandokando ya ziwa wanaelewa mara moja. Ng'ambo ya mashariki ni Rwanda. Usiku ukiwa wazi unaona taa za upande wa pili. Kahawa ya Kivu imevuka ziwa hilo usiku kwa miaka mingi, bila karatasi, bila ushuru, kwa mitumbwi iliyozidishwa mzigo. Wengi wamevuka, na wengine hawakurudi. Kuna wajane pwani hizi ambao mabwana wao walizama na mifuko ya kahawa. Mnunuzi wa usiku hachagui. Anachukua mbivu, mbichi, iliyochacha, iliyokaushwa chini kwenye udongo. Analipa bei ya kahawa mbaya hata kwa kahawa nzuri, lakini analipa palepale, makuta mkononi.

Makoperative mengi huwa yanazungumza juu ya magendo, ile frode, kama jambo la tabia: wanachama hawana uaminifu. Tulichokiona kwenye njia ile ni kitu kingine. Mama yule hakuenda kwa mtumbwi kwa kukosa uaminifu. Alikwenda juu ya mteremko. Pwani ya mtumbwi iko dakika 30 chini ya nyumba yake. Stesheni iko saa 2 na dakika 20. Mtoto anarudishwa shule juu ya minervali. Nani kati yetu angechagua tofauti?

Na hasara haikuwa yake peke yake. Koperative ilikosa kahawa ile, na ikikosa mifuko mingi namna hiyo haijazi kontena, haiheshimu kontra na mnunuzi, na malipo ya pili, ile risturuni ya mwisho wa msimu, inakuwa ndogo kwa kila mtu. Hata aliye jirani na stesheni analipia mteremko wa mwenzake.

Kwamba inawezekana kugeuza jambo hili, tunajua. Ng'ambo ya magharibi ya ziwa, upande wa Minova, katika teritwari ya Kalehe, koperative SOPACDI ilianzishwa 2003 na wakulima waliokuwa katika shida hiyohiyo ya kahawa inayovuka maji usiku. Stesheni ya kuoshea ilipokuwa karibu na mashamba, na kahawa ilipoanza kuuzwa nje moja kwa moja kwa wanunuzi wa soko la haki, mkulima alipata sababu ya kubaki upande wake wa ziwa.

Mkutano wa siku ya tatu

Tulirudi na daftari letu kwa kamati ya koperative, na wanachama wapatao thelathini walikuja. Kamati ilikuwa na makuta kidogo iliyoyaweka msimu uliopita, na mpango ulikuwa kujenga hangari ya pili ya kukaushia pale stesheni. Mpango mzuri. Lakini animatere alisimama, akasoma dakika za njia, kijiji kwa kijiji, jinsi tulivyoziandika. Kelele zikaanza.

Watu wa karibu na stesheni walisema hangari kwanza, maana kahawa yao inakosa meza. Watu wa juu walisema: hangari ya nini, kama kahawa yetu haiifikii? Muzee mmoja wa kamati aliuliza swali tulilolipenda: «Meza za sasa zikikosa nafasi, ni wiki ngapi kwa mwaka?» Wiki tatu, walijibu. «Na watu wa juu wanakosa saa, ni wiki ngapi?» Msimu mzima.

Hawakuacha hangari. Waliamua kuijenga nusu, kwa miti na si kwa chuma, na nusu ya makuta iende kwenye jaribio la msimu mmoja: mahali pa kukusanyia kahawa kwenye mgongo wa pili, ambapo njia ya kinga inaanza kuwezekana. Wamama wataleta pale kwa miguu, saa 1 badala ya 2 na dakika 20. Kipimo na daftari vitakuwa pale, na mwanachama atapewa bono yake palepale. Kutoka hapo vijana watatu wa kinga watashusha mifuko, safari mbili kila alasiri, na koperative itawalipa kwa kilo. Mapokezi ya stesheni yatafungwa saa 1 usiku badala ya saa 11.

Kama jaribio litalipa, hesabu ya mwisho wa msimu itasema. Mama mjane aliuliza jambo moja tu: kama bono italipwa siku ngapi. Kamati ilisema siku saba. Alisema nne. Waliachia kwenye tano.

Kinga ya kazi

Vijana wa kinga walitufundisha mambo ambayo hayako katika vitabu vyetu. Kinga ya kawaida ilitengenezwa kwa mtu na njia laini. Kwa mlima na mzigo, wanaibadilisha.

Freni za vyuma zinazobana rimu hazishiki wakati wa mvua. Wanafunga kipande cha mpira wa gari kwenye fremu, nyuma ya gurudumu, wanakikanyaga kwa mguu. Gurudumu la nyuma linaongezewa chuma cha kushikilia mzigo pande zote mbili, ili mifuko ikae chini, karibu na ardhi. Mzigo ukikaa juu, kinga inakuangusha kwenye kona. Fimbo ndefu inafungwa kwenye gidoni ili msukumaji atembee kando na bado aongoze. Na kwenye mteremko mkali hapandi mtu: anatembea nyuma, anavuta, kinga inashuka pole. Mwenda pole hajikwai. Kijana mmoja alituambia: «Ku mulima, kinga si ya kupanda. Ni punda yangu.»

Koperative ikitaka kununua kinga, inunue na vipuri vyake: cheni, shamburere, mipira ya freni, pompi. Na iwe na mtu mmoja anayejua kutengeneza. Kinga iliyovunjika wiki ya mavuno ni deni tu.

Mambo ya kupeleka kwenye mkutano wenu

Hata kama hamko Idjwi, hata kama zao lenu ni viazi, maharagi ama ananasi, kama mnaishi milimani jaribuni haya kabla ya msimu mpya.

Kwanza, andikeni karta ya saa. Watu wawili watembee na mzigo wa kweli kutoka kila kijiji mpaka depo, waandike dakika, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Futeni maneno «karibu» na «mbali» kwenye daftari.

Pili, hesabuni kwa kurudi nyuma. Saa ambayo zao linapaswa kufika, toeni dakika za njia, mtapata saa ya kuacha kuvuna. Mwanachama aambiwe saa hiyo, na mlango wa depo uifuate.

Tatu, kahawa ikichelewa, isifungwe ndani ya mfuko wa plastiki ikilala. Itandazwe kivulini, mahali safi, iuzwe kwa daraja lake, na mpokezi aeleze bei ya daraja hilo wazi kabla ya msimu. Kukataa bila kueleza ni kumwonyesha mwanachama njia ya mtumbwi.

Nne, anzeni mistari ya kukata mteremko kwenye mashamba ya juu kabisa, si ya chini. Maji yanaanzia juu. Aliye juu akizuia, watano chini yake wanapona. Na kama aliye juu ni maskini kuliko wote, basi vipandikizi vya setariya apewe yeye kwanza, na salongo ianze kwake.

Tano, kila anayeamua makuta ya koperative, awe prezida, gerani ama agronomu, atembee njia ya mwanachama wa mbali kuliko wote angalau mara moja kwa msimu, kwa miguu ama kwa kinga, wakati wa mvua. Siyo kwa adhabu. Ni kazi ya kusoma, na kitabu chake ni kilima.

Makoperative yatakayofanya karta ya saa msimu huu, tunaomba mtutumie dakika zenu kupitia animatere wenu. Tutazichapa katika toleo lijalo, kijiji kwa kijiji, pamoja na hesabu ya jaribio la Idjwi, liwe limelipa ama halikulipa.